Eufrazia na Kitabu Kilichoishia Mlangoni

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala sitawalaumu. Mtu akikwambia kwamba mbeba kabichi wa Lukwele, kijiji chetu cha mlimani, alimwacha mwandishi wa vitabu mdomo wazi, tena kwa kumsomea ukurasa usioandikwa kitu, utamuuliza amekunywa nini. Mimi sikunywa kitu. Nilikunywa kidogo. Lakini macho yangu yalikuwepo, na masikio yangu, na maungo haya yote ya Kasiani ambayo akina mama wa Turiani waliyasifu sana enzi zile nikikata miwa.

Ninayemwandika ni Eufrazia, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Regina, tumbo moja. Kwa Waluguru hilo linatosha. Kwa ninyi wengine nitafafanua, maana ndilo lililompoteza mwandishi, lisije likawapoteza na ninyi. Kwetu mtoto ni wa mama. Shamba, jina na vitu vya ukoo hupitia kwa mama. Baba ni mtu mzuri, tunampikia, tunamheshimu, lakini akifa vitu vya ukoo wake vinarudi kwa dada zake na watoto wa dada zake. Watoto aliowazaa mwenyewe wana ukoo wao kwa mama yao. Kwa hiyo mimi mjomba ndiye mwenye Eufrazia, na sifa zake zote ni zangu kihalali. Makosa yake mtafuteni baba yake.

Yuko nyuma yangu sasa hivi anamenya njegere, kwa sababu nikimaliza yeye ndiye atakayewasomea watu Jumapili. Mimi nikiandika hutamka kwa sauti, ndivyo nilivyofundishwa darasa la tatu, na la nne nililionea dirishani. Basi anasikia kila neno. Akikohoa nitawaambieni.

Eufrazia alifaulu darasa la saba. Jina lake lilisomwa kwenda sekondari ya wasichana ya Kilakala, ile ambayo ukisimama kwenye shamba letu la karoti unayaona mapaa yake kule chini yanang'aa. Mwaka huohuo Regina akafariki. Eufrazia ndiye binti wa kwanza. Mashamba ya mama yakamwangukia yeye, na wadogo zake watatu juu. Akabaki mlimani. Kila alipoinua mgongo kutoka kwenye tuta, mapaa yale hapo mbele yake. Sikumwona akilia. Nilichomwona akifanya ni kusoma. Alisoma matangazo ya parokia, alisoma maelezo kwenye makopo ya dawa ya nyanya. Akifungiwa chumvi kwenye gazeti, chumvi inamwagwa kwanza kwenye kikombe, gazeti linanyooshwa juu ya goti, na hapo hata nyumba ikiungua usimwite.

Zamani tulikuwa na kisomo cha watu wazima, na mwalimu, na sanduku la vitabu la serikali. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Morogoro yakajaa sabuni na dawa ya meno, mitumba ikaingia kwa marobota, hata mimi nikavaa koti la Mzungu lenye vifungo vya dhahabu. Lakini mwalimu wa kisomo hakupanda mlima tena. Sanduku likaachiwa mchwa. Eufrazia akaokoa vitabu vilivyosalia, akaanza kuwasomea watu kila Jumapili baada ya ibada, kwenye banda la kukusanyia mboga.

Banda lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kusikiliza mikono mitupu: kila mtu aje na bakuli lake amenye njegere za kushusha sokoni Jumatatu. Ya pili, mtu yeyote akiona jambo ndani ya kitabu haliendi sawa, anyooshe mkono aseme, "Simama hapo!" na msomaji asimame mpaka jambo lijadiliwe liishe. Wakati wa kuondoka Eufrazia alihesabu bakuli. Siku njema zilifika thelathini na moja.

Siku moja tukipumzika njiani, tenga la kabichi liko chini, alijikanda shingo akaniambia, "Mjomba, wiki nzima mimi ni kichwa cha kubebea tenga. Jumapili tu ndipo kichwa changu kinafanya kazi yake."

Shikeni maneno hayo.

Mwaka wa tisini na tatu Oscar, kijana wetu, alirudi kutoka Dar na televisheni, video na jenereta, vyote vimebebwa na wanaume sita kama jeneza la tajiri. Akaweka nyumbani kwa mzee Andrea, ng'ambo ya pili ya kanisa. Jumapili baada ya ibada, jenereta linanguruma, watu wanarukiana mateke ndani ya kioo. Vijana walikwenda wa kwanza. Wakafuata wanaume wazima, wakisema wanakwenda kuwatafuta vijana. Bakuli zikashuka, ishirini, kumi na nne, tisa. Na Eufrazia naye hakuwa na kitabu kipya. Kile cha ufugaji wa kuku alikuwa amekisoma mara tano. Hata watoto waliujua ugonjwa wa kideri kwa moyo kama Salamu Maria.

Akanijia. "Mjomba, ukishuka mjini niletee kitabu ambacho watu hawa hawajui mwisho wake. Kimoja tu. Nikikosa, banda linakufa, nami nabaki tenga."

Nikashuka na gunia la viazi la kilo themanini kichwani, huku nikipiga mluzi. Amekohoa. Lilikuwa nusu gunia, na lilibebwa na punda wa Andrea.

Pale sokoni Morogoro, kati ya marundo ya mitumba, palikuwa na mtu aliyetandaza vitabu juu ya turubai. Mimi si mtu wa kusomasoma vya ndani. Kitabu nakipima kwa jalada, kama ng'ombe kwa meno. Nikaona kimoja kimechorwa mlima, na mlima una macho, na macho yananitazama mimi. Ulikuwa mlima wetu! Nilikitambua kile kilele kilichochongoka. Juu pameandikwa: *Ngoma Inayolia Mawinguni. Kitabu cha Kwanza kati ya Vitatu. Kimetungwa na Abasi Rehani.* Vitatu! Nikasema, Kasiani, leo umenunua Jumapili za mwaka mzima.

Jumapili ya kwanza bakuli zilikuwa kumi na mbili. Eufrazia akasimama, akafungua, akaanza. Jamani! Kitabu kilikuwa hivi. Juu ya mlima anakaa Mzee Chamvula, mwenye ngoma ambayo ikipigwa mvua inanyesha. Asubuhi moja ngoma haipo. Mlima unakasirika, mawingu yanashuka mpaka kwenye magoti ya watu na hayatoi hata tone. Chatu mwenye macho saba anazunguka kilele akiuliza swali moja kwa kila anayekutana naye, na asiyejibu anageuka jiwe. Anatumwa mpelelezi kutoka Dar, Inspekta Jabali, mwenye koti refu na viatu vya ngozi. Ukurasa wa tisa anafika, amechoka, na bibi mmoja anampa uji.

"Simama hapo!" Huyo ni bibi Kristina, mkongwe wetu, ambaye kwa ulimi wake hata padri hukumbuka ana safari. "Bibi wa uji anaitwa nani?"

"Hawajaandika, bibi."

"Amepika, amepakua, amempa mtu mgeni, na hana jina? Haya. Endelea. Lakini mimi nimemwona."

Ukurasa wa kumi na nane Inspekta Jabali anaanza kumshuku mtoto wa kiume wa Chamvula, anaitwa Songoro. Kwa nini? Kwa sababu, anasema Inspekta, baba akifa Songoro ndiye atakayerithi ngoma, na kijana amechoka kungoja.

Mikono kumi na miwili ikapanda, na njegere zikamwagika.

"Simama hapo! Mtoto arithi ngoma ya baba yake?"

"Ngoma ya ukoo wa watu? Yeye na ukoo huo wapi na wapi?"

"Labda Inspekta amechoka. Amepanda na viatu vya ngozi."

Bibi Kristina akainua kidole. "Acheni ujinga. Huyu mwandishi ni fundi. Anatutegea. Anajua kabisa kwamba Songoro harithi kitu. Anamwacha huyo mtu wa Dar apotee, sisi tunamwona anapotea, tunacheka. Halafu mwishoni, pwaa! Anatutolea mwizi wa kweli."

Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani hakuna watu wengine chini ya jua ambao wangekosea hivyo. Tulichukua ujinga wa mtu tukauita werevu. Kila Inspekta alipozidi kupotea, sisi tulizidi kumstaajabia Abasi Rehani. Jumapili ya pili bakuli ishirini na tano. Ya tatu, arobaini! Watu walilala na Songoro, wakaamka na Songoro. Kisimani wanabishana. Andrea, mwenye nyumba ya video, alikuja kwa kificho na bakuli amelifunika kofia. Na Eufrazia aling'aa. Alipita na tenga lake kichwani kama malkia aliyevaa kabichi.

Jumapili ya tatu zilibaki kurasa nne. Inspekta anafika kwenye pango nyuma ya maporomoko. Chatu anamtolea swali, anajibu kwa kubahatisha, anapita. Ndani anasikia ngoma inalia yenyewe, taratibu kama moyo wa mtu aliyelala. Kuna mlango wa jiwe. Anausukuma. Eufrazia sauti imeshuka, hakuna anayemenya. Anawasha tochi. Mwanga unaangukia uso wa mwizi. Inspekta anarudi nyuma hatua moja na kusema:

"Kumbe ni wewe!"

Eufrazia akafunua ukurasa. Ulikuwa mweupe. Akarudi nyuma, labda kurasa mbili zimegandana. Akasoma maneno madogo yaliyokuwa chini kabisa: "Mwisho wa Kitabu cha Kwanza."

Watu wakasogea mbele, kila mmoja akitaka kuuona ule ukurasa kwa macho yake.

"Wewe nani?" akauliza Andrea.

"Hawajasema, mzee."

"Si usome tena? Labda umeruka."

"Sijaruka."

Bibi Kristina akamwaga maganda. "Kurasa mia moja na ishirini anapanda mlima wetu, anakunywa uji wetu, anasumbua chatu wa watu, ili aje kusema 'kumbe ni wewe'? Hata mbuzi wangu anajua kusema kumbe ni wewe, akiniona mlangoni."

"Na urithi je? Inspekta hajakosolewa," mwingine akasema. "Mpaka mwisho anaamini mtoto anarithi ngoma ya baba."

Ndipo ukweli ukatuingia, mmoja baada ya mwingine, kama baridi ya Julai. Fundi hakuwa fundi. Hakutega kitu. Hakujua.

Wakati huohuo, ng'ambo ya kanisa, jenereta la Oscar likawaka. Watu wakaanza kusimama. Hawakuwa na hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mwenye hasira hurudi kugombana.

Eufrazia akasema, "Nipeni Jumapili mbili. Ya pili nitawaambieni nani yuko nyuma ya mlango."

"Utamjua vipi, mwanangu?"

"Nitamuuliza aliyeujenga mlango."

Andrea akacheka. "Eufrazia, mateke ya kule kwangu hayana maana, lakini anayepigwa huwa anaonekana uso." Akaondoka na kofia yake.

Jumatatu tukashuka wawili, yeye na tenga lake, mimi na koti langu. Muuza vitabu akatuelekeza: Abasi Rehani ni yule babu wa taipureta, kwenye kibaraza karibu na posta. Alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda kimoja. Wakapunguza watu, akapunguzwa na yeye, akanunua mashine ya kuwapigia watu barua. Kitabu alikichapisha kwa kiinua mgongo chake.

Tukamkuta. Mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi, na viatu vya ngozi vya kung'aa. Nikamnong'oneza Eufrazia, "Inspekta huyo."

"Shikamoo," akasema Eufrazia, akitua tenga.

"Marahaba, dada. Barua ya mahakama au ya mume?"

"Ya kitabu." Akakitoa kutoka chini ya kabichi.

Yule mzee alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akatuambia baadaye kwamba kwa miezi saba hakuna mtu aliyemjia kwa ajili ya kile kitabu, hata wa kukirudisha. "Umekisoma!" akasema. "Umekipenda?"

"Hapana."

Mimi nikatazama posta. Posta ya Morogoro ina madirisha mengi.

"Mwanzo ulinishika," Eufrazia akaendelea, pole pole, kama anapima karoti. "Chatu wako nilimwota. Mawingu ya kwenye magoti nimewahi kuyatembea, na hujakosea. Lakini mtoto wa kiume kwetu harithi ngoma ya baba yake. Ni ya dada zake baba na watoto wao. Kwa hiyo Songoro hana sababu ya kuiba, na Inspekta wako anafuata moshi ambao hauna moto. Kisha umetufikisha mlangoni ukazima tochi. Watu arobaini walikuamini, baba. Walidhani unajua."

Mzee Abasi akaokota kiti chake. "Kwetu Kigoma mtoto hurithi baba," akasema. Kisha akakaza sauti, maana mwanaume haachi hivi hivi. "Wewe umesoma mpaka wapi, dada?"

"Mpaka ukurasa wa mwisho."

Nilitaka kupiga makofi. Nilipiga. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na badala ya kututazama sisi akautazama mlima. Kutoka kibarazani pale unauona wote, mpaka pale unapoingia mawinguni.

"Miaka kumi na tisa nimeutazama," akasema. "Kila asubuhi. Nilijua kuna kitu juu kule."

"Hujawahi kupanda?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyenialika."

Eufrazia akainama chini ya tenga, nikamsaidia kulitwika. "Nani yuko nyuma ya mlango?" akauliza.

"Njooni mwakani, kitabu cha pili—"

"Mzee Abasi."

"Sijui," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Nimekaa mbele ya mashine hii tangu Krismasi. Nasukuma mlango kila siku, na kila siku tochi inazimika. Sijui nani aliiba."

Eufrazia akasimama na mzigo wake. Nilimfahamu tangu mchanga, nikajua ameumia. Alikuwa amekuja kuchota maji, akakuta kisima nacho kina kiu. Lakini alisema, "Jumapili ijayo si hii, ile nyingine, mjomba atakungoja Bigwa, mguuni pa mlima, alfajiri. Nakualika."

Na mimi ndiye niliyempandisha, tena nilimbeba mgongoni sehemu yote yenye mwinuko. Amekohoa. Nilimbebea viatu. Alivivua kwenye kijito cha kwanza, akavitazama, akasema, "Inspekta angekufa hapa." Kuanzia hapo akapanda peku, akihema kama treni, akisimama kila penye mgomba kuuliza jina la kila kitu. Hii nini? Magimbi. Ile nini? Mpichi. Na huyo anayelia? Ndege, mzee, tembea.

Tukaingia mawinguni. Mnaoishi chini mnadhani wingu ni kitu cha kutazama. Ukiwa ndani yake huoni mkono wako. Unasikia maji yanaanguka mahali, na sauti ya mtu anayelima upande wa pili wa bonde inakuja sikioni kama amekusimamia begani. Mzee Abasi akaacha kuuliza. Akanishika pindo la koti. Tukaenda hivyo kama nusu saa.

Kisha wingu likakatika. Haliondoki pole pole, linakatika. Chini yetu Morogoro yote ilikuwa imefunikwa na weupe, kama maziwa yamemwagwa mpaka upeo wa macho, na juu yetu kilele, kikubwa, cheusi, kinatiririka maji, kimeinama kutuangalia. Mimi nimezaliwa pale, naona kila wiki, na nawaambia kila wiki nywele za shingo hunisimama. Yule mzee aliachia koti langu. Akakaa kwenye majani yenye umande, kilele mbele yake, miwani imejaa maji.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Sikucheka. Mimi, Kasiani, ambaye nilicheka hata siku ya ubatizo wangu, nikavua kofia.

Bandani zilikuwepo bakuli saba. Saba! Jenereta la Oscar linanguruma ng'ambo. Eufrazia akamkaribisha mgeni, akampa kigoda, akampa na bakuli la njegere, maana sheria ni sheria. Mzee Abasi akawaamkia wakubwa, akasimama, akawaambia wazi: hakujua mila, na hajui mwizi. Akaomba radhi.

"Kaa umenye," akasema bibi Kristina. "Muongo anayekubali mapema humpati kila siku. Nina mmoja hapa sijampata bado." Akanitazama. Sijui kwa nini.

"Basi tumekwisha," akasema mmoja. "Tumengoja Jumapili mbili kuambiwa sijui." Akaanza kukusanya maganda yake.

Nikamtazama mpwa wangu. Nikaona uso ule niliouona mwaka ule jina liliposomwa na mama akafa. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najipapasa kifua. Akachukua kitabu. Akakifungua mwishoni kabisa. Akasoma, "Mwanga ukaangukia uso wa mwizi. Inspekta akarudi nyuma hatua moja na kusema: Kumbe ni wewe!" Akafunua ukurasa. Ule mweupe. Na akaendelea kusoma.

Macho yake kwenye karatasi, kidole kinatembea kutoka kushoto kwenda kulia, kinashuka mstari, kinaanza tena. Hakuna herufi hata moja! Mimi nilikuwa nyuma yake, naapa kwa kaburi la Regina.

"Nyuma ya mlango," alisoma, "aliketi bibi wa uji."

Bibi Kristina akaachia bakuli. "Nilimwona! Nilisema nilimwona!"

"'Kaa, baba,' bibi akamwambia Inspekta. 'Ulikunywa uji wangu hukuniuliza jina. Ungeuliza, ungejua siku ileile. Mimi ni dada wa Chamvula, tumbo moja. Ngoma hii aliilinda mama yetu, na mama wa mama yetu. Kaka yangu alikuwa anaishika tu. Amezeeka, anampenda mwanawe, akataka kumpa. Na mwanawe amekwisha kumpata mnunuzi mjini, mwenye gari. Nikaichukua. Haya, mtu wa sheria, niambie: anayechukua kilicho chake anaitwaje?' Na chatu mwenye macho saba, kule nje, akasikia swali hilo. Akafumba macho, moja baada ya jingine, kwa maana lilikuwa ndilo swali lake, na safari hii Inspekta hakuwa na jibu."

Alisoma kurasa nne, mbele na nyuma, mpaka jalada. Mvua ilipoanza kunyesha ndani ya kitabu watu walitazama paa. Mzee Abasi hakuwa amemenya hata njegere moja. Mdomo wazi, na machozi yanapita chini ya miwani. Eufrazia alipofunga kitabu, mzee aliinuka, akakiomba, akageuza zile kurasa moja moja, mbele, nyuma. Akazishika kwenye mwanga. Akamrudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia padri kikombe.

"Ukurasa wa tisa," akasema. "Niliandika huyo bibi kwa sababu Inspekta alikuwa na njaa. Nikamsahau. Dada yangu, kitabu cha pili ninacho sasa, lakini si changu peke yangu. Nitapanda tena, wewe utasema, mimi nitapiga chapa, na jalada litakuwa na majina mawili."

Eufrazia alikuwa anautazama ule ukurasa mweupe kana kwamba na yeye anashangaa maneno yamekwenda wapi.

Basi habari ile ilishuka na kupanda kuliko maji. Jumapili iliyofuata wengi wenu hamkuwepo, ndiyo maana nawaandikia. Oscar mwenyewe alizima jenereta akaja na bakuli. Bigwa walikuja wote. Dakawa waliacha mpunga uliwe na ndege. Wa Kisaki waliisimamisha treni katikati ya pori wakateremka. Banda likajaa, miti ikajaa, watu wasiopungua elfu mbili na mia nne wakimenya njegere kwa mkupuo mmoja mpaka maganda yakaziba mto, na mlima wenyewe, nawaapia, ukainamisha kilele chake mpaka usawa wa paa ili usikose hata ne—

"Mjomba! Shusha kalamu. Walikuwa hamsini na wawili. Bakuli nilizihesabu mwenyewe."